Tangu Juzi

Barua ya jarida iliingia kwenye simu ya Rahel Jumamosi, saa nne asubuhi, wakati mama yake akipepeta alizeti uani na baba yake akifukuza kuku kwenye turubai. Rahel alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Singida, na kila mwisho wa juma alikuja kijijini kuwaangalia wazazi wake na kumchapia baba kazi yake. Aliisoma barua kimya mara ya kwanza, akaisoma tena midomo ikicheza, ndipo akasema:

"Baba, wamejibu."

Mzee Chediel alibaki na fimbo juu. Kuku walirudi kwenye alizeti bila wasiwasi.

"Wamekataa."

"Wamekubali, baba."

"Usinitanie, Rahel. Mimi ni mtu mzima."

"Wamekubali kweli. Wanasema wazo ni geni lakini limejengwa vizuri. Ila kuna ada, na kuna swali moja wanataka ulijibu kabla ya Jumatano."

Damari alikuwa ameinua ungo usawa wa kifua. Aliushikilia hapohapo, na makapi yaliyokuwa yanangoja upepo yakaendelea kungoja. Alitaka kupiga vigelegele, maana siku kama ile mke wa mtu hupiga vigelegele, lakini joto lilikuwa linampanda kutoka unyayo wa kulia hadi gotini, akaona akifungua kinywa kitatoka kitu kingine. Akasema tu, "Mungu ni mwema," akaketi juu ya gunia.

"Mama, soksi za sufu na jua hili?"

"Upepo wa Julai, mwanangu. Unaingilia miguuni."

Rahel aliziangalia zile soksi, akataka kuongeza neno, lakini baba yake alikwishamvuta mkono waende ndani kwenye meza.

Chediel alikuwa tabibu wa zahanati ya kijiji kile, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara kuu ya Iguguno, kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu hakununua ng'ombe wala pikipiki kama wenzake. Alitoka na madaftari kumi na manne aliyonakili kwa mkono wake kutoka rejista za wagonjwa. Hakunakili majina. Alinakili umri, ugonjwa, tarehe, na jibu la swali moja ambalo yeye aliliuliza kuliko tabibu yeyote: ugonjwa ulianza lini?

Kutoka kwenye madaftari hayo, kwa miaka minne tangu astaafu, alijenga nadharia yake. Ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuamini. Alisema mwili wa mkulima una uwezo wa kuuzuia ugonjwa mlangoni mpaka mavuno yaingie ndani. Wakati wa kuvuna watu hawaugui. Mavuno yakiisha, ndani ya wiki mbili, wanaanguka wote: homa, mapafu, majipu, tumbo. Watu wote walimwambia jambo lile lile, kwamba watu huja baada ya mavuno kwa sababu ndipo wana hela na nafasi. Naye aliwajibu wote kwa jibu lile lile: "Hapana. Niliwauliza. Ugonjwa wenyewe ulianza baada ya mavuno. Siku mbili, tatu tu kabla ya kuja. Imeandikwa."

Makala aliiita "Mwili Husubiri." Jarida la kwanza lilimjibu kwa mistari miwili. La pili halikujibu. La tatu lilimwambia aanze na vipimo vya maabara, kama vile nyuma ya choo chake kulikuwa na maabara. Hili la nne lilikuwa la ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kupokea nadharia ambazo wengine wamezikataa, mradi mwenyewe aweze kuzitetea. Ada walikuwa wamempunguzia kwa kuwa anatoka nchi maskini. Hata hivyo ilikuwa sawa na magunia manane ya alizeti, na uani palikuwa na magunia kumi na moja.

Damari alikwishayatoa magunia yale moyoni mwake tangu yakiwa maua shambani. Ndiyo sababu alikuwa amevaa soksi.

*

"Nisomee hilo swali," Chediel alisema. Alikuwa amevaa miwani na koti la kazi la zamani, koti jeupe lililogeuka njano kwapani.

Rahel alisoma kwa Kiswahili, polepole, akitafsiri. "Mwandishi anajuaje kwamba ugonjwa ulianza siku ile aliyoitaja mgonjwa? Je, haiwezekani mgonjwa aliumwa kwa wiki nyingi, akavumilia mpaka amalize kazi, ndipo akaja?"

Chediel alivua miwani.

"Wanasema watu wetu ni waongo."

"Hawajasema hivyo, baba."

"Wamesema kwa adabu, lakini wamesema! Mimi nimewauliza mwenyewe, mtu kwa mtu, uso kwa uso. Sikumtuma nesi. Lete daftari la saba." Alilifungua bila kutafuta ukurasa. "Mwanamke, miaka arobaini na miwili, homa ya mapafu, Julai tisa. Imeanza lini? Juzi. Mwanamume, miaka sitini, jipu la paja, Julai kumi. Imeanza lini? Juzi. Msichana, miaka kumi na saba, kuhara damu. Juzi. Huyu, juzi. Huyu, jana. Huyu, juzi. Watu elfu mbili na mia nne, Rahel! Wote wakae kikao wapange uongo mmoja?"

Damari alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakuweza kurudi wala kuingia.

"Mama Rahel, njoo. Wewe umezaliwa hapa, umekaa nao kwenye benchi la zahanati tangu tuoane. Hebu sema mbele ya mwanao. Watu hawa ni waongo?"

Alitua sinia. Chai ilikuwa imemwagika kidogo kwenye sukari.

"Si waongo," alisema.

"Umesikia? Andika. Sema, mke wangu, mwenyeji wa eneo hili, anathibitisha kwamba wagonjwa hawana sababu yoyote ya kuficha siku ya kuanza kuugua. Weka na jina lake. Damari. Si atakuwa shahidi?"

"Jina la mama liende kwenye jarida?" Rahel alicheka. "Mama, utakuwa mwanasayansi."

"Mimi nimejua kusoma juzi tu," Damari alisema, kisha akalisikia neno alilolitamka.

Ni kweli alijua kusoma karibuni. Miaka miwili iliyopita mke wa mchungaji alianzisha darasa la jioni kanisani kwa kina mama ambao shule iliwapita, na Damari alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alitaka kusoma Zaburi mwenyewe kabla hajafa. Akazisoma. Halafu, kwa kuwa vitabu ndani vilikuwa vichache, siku moja wakati wa kufuta vumbi alifungua daftari la mumewe, akafuata safu ya mwisho kwa kidole. Juzi. Juzi. Jana. Juzi. Juzi. Mwanzoni alicheka peke yake, akidhani ni mazoezi ya mwandiko. Alipoelewa anachosoma aliacha kucheka, akalifunga daftari na kulirudisha mahali pake, akalisawazisha na mengine ili lisionekane limeguswa. Hakulitaja.

*

Jumapili baada ya ibada alikwenda bombani na ndoo moja ndogo. Theresia, jirani yake wa tangu usichana, alikuwa amekaa juu ya dumu akimngoja mwenye ufunguo.

"Unachechemea," Theresia alisema badala ya salamu.

"Baridi."

"Baridi ya mguu mmoja? Huo mwingine umeukatia bima?"

Damari alicheka, kisha akashika ukuta wa bomba. Theresia aliacha utani.

"Ni kile kisiki cha bua la alizeti? Kile ulichokanyaga tukivuna kwako? Damari! Si ulisema kidonda kimepona?"

"Sikuhisi maumivu, nikadhani kimepona. Ninakiosha kwa chumvi. Naweka na rangi mbili."

"Unapasua vidonge vya rangi mbili unapaka kidondani! Mke wa daktari! Na sukari yako hiyo! Mzee anajua?"

"Ana Jumatano yake. Akishatuma majibu na ile ada, nitamwambia."

"Mh." Theresia aligeuza uso kuangalia barabara. "Na ukimwambia utamwambiaje? Tangu lini?"

Halafu Theresia akaanza kutikisika mabega, na kicheko kikamtoka cha mtu aliyechoka, kisicho na furaha nyingi ndani yake.

"Unakumbuka Mazengo na jipu lake? Maskini, mtu wa Manyoni, alikuwa hajajua desturi ya hapa. Akaulizwa tangu lini, akasema mwezi. Mzee wako akamtoa nje, akamsimamisha mbele ya benchi zima: 'Mtazameni huyu! Amekaa na jipu mwezi mzima, analilisha, analinywesha, anangoja lizae!' Mazengo hakurudi zahanati ile mpaka leo. Anakwenda Iguguno hata kwa mafua."

"Alikuwa na uchungu na watu, Theresia. Alikuwa hataki wafe."

"Najua. Ndiyo maana tunampenda. Ila tulimwogopa kuliko ugonjwa. Na juu ya mlango ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi wengine hatukujua kusoma, tulidhani ni bei." Alifuta macho. "Na nani alitufundisha? Si wewe? Unapita benchini na kikapu cha chakula chake, unainama: 'Jamani, leo ameamka vibaya. Mkiulizwa semeni juzi. Msiseme zaidi ya juzi.' Tukasema juzi. Tukawafundisha na watoto wetu. Mpaka leo yupo yule tabibu kijana aliyemrithi, hagombezi mtu, bado tunasema juzi. Imekuwa kama amina."

Mwenye ufunguo alipofika na maji kujaa, Damari alimtwika Theresia dumu lake.

"Mwambie," Theresia alisema chini ya dumu.

"Nimwambie nini? Kwamba miaka minne ameandika kitu ambacho hakipo?"

"Mimi sijasoma, sijui ameandika nini. Nakuambia umwambie habari ya mguu."

Njiani kurudi Damari aliomba kama alivyozoea, kwa sauti ya chini, kila hatua neno. Siku zote aliomba akijua anachokitaka. Siku hiyo alisema, "Baba, unajua," akarudia tena, "Baba, unajua," mpaka akafika nyumbani.

*

Jumatatu Chediel alitaka barua ya zahanati yenye muhuri, kuthibitisha kwamba madaftari yake yametoka kwenye rejista halali. Alimtaka Damari amsindikize, kwa kuwa yeye sasa ni shahidi. Alikwenda, akisema atatembea polepole kwa sababu ya baridi.

Tabibu wa sasa alikuwa kijana aitwaye Calist, mpole, mwenye ndevu chache alizozitunza sana. Aliinuka kumwamkia.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Karibu, profesa wetu."

Nesi aliyekuwa akipanga makopo aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Chediel aliliona. Damari aliona kwamba ameliona.

"Marahaba. Nimekuja kwa muhuri tu."

"Mzee, muhuri nitakupa. Lakini niruhusu nikuulize kama mwanao. Hii habari ya mwili kusubiri, si watu wanasubiri hela tu?"

"Nimeandika kurasa kumi na nane kujibu swali hilo."

"Haya, mzee. Subiri nimwone huyu mama mmoja, amekaa muda mrefu."

Walikaa kwenye benchi. Mlango wa chumba cha tabibu haukufungika vizuri tangu enzi za Chediel, na kila neno lilitoka nje. Mwanamke aliyeingia alikuwa amejifunga shuka kifuani. Damari alimjua. Walikutana mashineni kwenye foleni ya kusaga, Jumanne ya wiki mbili nyuma, naye alikohoa mpaka akamwaga unga wake.

"Pole, mama. Kikohozi hiki kimeanza lini?" sauti ya Calist iliuliza.

"Tangu juzi, daktari."

Chediel alimshika Damari mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Umesikia?" alinong'ona. "Umesikia kwa masikio yako? Alizeti yake ameimaliza wiki iliyopita, nimempita shambani. Na kikohozi juzi! Mimi sibuni, Mama Rahel. Mimi sibuni kitu."

Katika miaka yao yote ya ndoa Damari hakuwahi kumwona akiomba kuaminiwa. Alikuwa mtu wa kuamuru. Sasa alikuwa amemkazia macho kama mtoto anayeonyesha daftari lake la hesabu, na yeye hakuwa na alama ya vema ya kumpa wala ya mkasi ya kumkosesha. Alimpapasa mkono. "Nimesikia, Baba Rahel," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Calist aligonga muhuri. Walipokuwa wanatoka, nesi alisema kwa sauti ya kutosha, "Kwaheri, profesa," na mtu mmoja kwenye benchi akacheka.

*

Mguu wenyewe haukungoja Jumatano. Jumanne mchana Damari alikuwa akijaza gunia la mwisho, Chediel akilishika mdomo, wakipanga nani aitwe kununua. Aliinama kuchota debe, akaona turubai linamjia taratibu kama mtu anayekuja kumsalimia.

Alipozinduka alikuwa kitandani, na mumewe alikuwa anavua soksi.

"Acha," alisema.

Haikusaidia. Soksi ilikuwa imeshikamana na kidonda, naye aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akaivuta kidogo kidogo, kwa vidole vile vile vilivyofunga na kufungua vidonda vya kijiji kizima. Harufu ilitoka kabla ya kidonda chenyewe. Hakugeuza uso. Vidole viwili vya pembeni vilikuwa vyeusi, na chini ya unyayo palikuwa na shimo lililojaa unga mkavu, mwekundu na mweusi, wa vidonge vya rangi mbili.

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya tabibu. Ilikuwa imetoka mara elfu nyingi kabla ya siku hiyo, na ilijitokea yenyewe.

"Tangu lini?"

Naye Damari, aliyekuwa na homa na hofu, alijibu kama wote.

"Tangu juzi."

Chediel alitikisa kichwa, huku bado ameinamia mguu. "Hapana. Angalia kingo hizi. Zimekuwa ngumu, zimeota sugu. Kidonda cha hivi kina wiki nane. Tisa. Hiki si cha..."

Hakumaliza. Mkono wake ulibaki umeshika kisigino. Nje kuku walikuwa wamepanda juu ya alizeti yote na hapakuwa na mtu wa kuwafukuza.

Damari alimwona akirudi nyuma kichwani mwake, ukurasa kwa ukurasa, daftari kwa daftari.

"Kwa nini umesema juzi?" aliuliza mwishowe, polepole sana.

"Ningesema nini? Ungenigombeza."

"Mimi?"

"Baba Rahel." Aliinuka kwa kiwiko. Aliona kwamba saa aliyoikwepa imefika, na kwamba hakupewa nafasi ya kujichagulia maneno. "Wote walisema juzi kwa sababu ungewagombeza. Si waongo. Walikuogopa. Na si wao peke yao, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa napita benchini nikiwaambia semeni juzi. Nilikuwa nawaonea huruma. Nilikuwa nakuonea huruma na wewe, ukigombeza ulikuwa huli chakula cha mchana. Sikujua kama unaandika. Mimi nilikuwa sijui hata kusoma. Nilidhani unauliza tu, kama watu wanavyoulizana habari za nyumbani."

Alingoja apige kelele. Kelele angezimudu, alizizoea. Chediel hakupiga kelele. Alikwenda mezani, akaweka kiganja juu ya madaftari kumi na manne, akayafunika hivyo kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza kwa kumpa mgongo.

Damari alivuta pumzi. "Tangu mwaka juzi. Tangu nilipojua kusoma."

"Na ukaniacha."

"Ulikuwa unaamka na furaha."

Alitoka nje. Damari alimsikia akizungumza na mtu kwenye simu, kisha injini ya pikipiki, kisha sauti ya Mazengo, ambaye siku hizi alikuwa mnunuzi wa alizeti. Mazengo alitaja bei ya chini, bei ya mtu anayejua mwenzake ana haraka, na Chediel, aliyekuwa hodari wa kubishana, alisema tu, "Haya. Yote kumi na moja. Leo hii."

"Yote, daktari? Si nilisikia una mambo ya Ulaya?"

"Yote." Kisha akaongeza, "Mazengo, lile jipu lako. Lilikuwa la mwezi mzima kweli?"

"Jipu lipi? Aa!" Mazengo alicheka kwa wasiwasi. "Mzee, bado unalo moyoni? Lilikuwa la miezi miwili. Nilipunguza."

*

Asubuhi ya Jumatano walikuwa kwenye benchi la hospitali mjini, Rahel katikati yao. Shuleni alikuwa ameomba ruhusa. Benchi lilikuwa refu na limejaa, na upepo wa Singida ulipita chini yake ukichagua miguu.

"Baba, leo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu," Rahel alisema. "Nimeandaa kama ulivyosema. Nitume?"

"Futa. Andika upya."

"Baba. Miaka minne."

"Andika. Ndugu mhariri. Swali lenu lilikuwa la haki, nami nililiona ni tusi. Wagonjwa hawakuugua juzi. Walisema juzi kwa sababu tabibu aliyewauliza alikuwa mkali, na tabibu huyo ni mimi. Kwa hiyo nilichokusanya miaka thelathini na moja si habari za miili yao. Ni habari za sauti yangu." Alimngoja binti yake amalize kuandika. "Naomba makala isichapwe. Asanteni kwa kunijibu. Wengine hawakunijibu."

Rahel aliandika huku machozi yakidondoka kwenye kioo, ikabidi akifute kila mara kwa upindo wa kitenge.

"Niwaambie utaandika nyingine?"

"Waambie sijui. Kwanza mguu wa mama yako."

Alichukua simu, akasogeza maandishi mbali na macho, akayasoma yote. Akabonyeza mwenyewe. Hakuna kilicholia wala kubadilika. Upepo uliendelea kupita.

Mwanamke aliyekaa upande wa pili wa Damari, mgeni, mwenye mtoto mgongoni, aliinama kumsogelea.

"Mama, wewe ndiye unayefuata? Huyu daktari ni mkali huyu. Akikuuliza, usimwambie siku nyingi. Sema juzi."

Damari alimtazama. Alitaka kucheka, akashindwa. Akasema, "Asante, mwanangu," maana alijua neno lile linatolewa kwa upendo.

Daktari alikuwa kijana kuliko Rahel, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliifungua bendeji, akauangalia mguu kwa muda, akaangalia karatasi ya sukari, akauangalia mguu tena.

"Imeanza lini hii, mama?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa linaijua njia, lingepita hata gizani. Damari alimtafuta mumewe kwa macho. Alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, mdogo kuliko alivyomjua.

"Tangu tulipoanza kuvuna," alisema. "Mwezi wa tano katikati."

Kalamu ilipigwa mezani.

"Mwezi wa tano! Leo tuko Julai, mama! Mlikuwa wapi? Mnakaa na kitu mpaka kinaoza, halafu mnatuletea tufanye miujiza! Na mzee, nimeambiwa wewe ni tabibu. Tabibu! Ndani ya nyumba yako!"

Damari aliinamisha kichwa. Nje, nyuma ya mlango uliokuwa wazi kidogo, benchi zima lilinyamaza.

"Daktari," Chediel alisema. Hakuinua sauti. "Mimi nigombeze. Ninastahili, na nitasimama hapa mpaka umalize. Lakini yeye usimgombeze. Amekuambia ukweli, na ukweli huo umemgharimu. Wale walio nje wanasikia. Ukimgombeza huyu, wao watakuambia juzi, wote, mpaka utakapostaafu. Nawe utaandika."

Kijana alimtazama kama anayetaka kujibu. Kisha akageukia mlango, akauona ule ufa, na ule ukimya. Alijikuna shingo. Akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo huenda hakulifanya tangu alfajiri, na akaokota kalamu.

"Samahani, mama," alisema. "Vidole viwili sina jinsi, vitaondoka. Mguu tutaupigania. Sasa nieleze taratibu. Mwezi wa tano katikati. Ilikuwaje?"

Damari aliinua kichwa. Akaanza na bua la alizeti, jinsi lilivyokatwa mshazari, jinsi lilivyopenya kandambili asisikie kitu. Alieleza chumvi, na vidonge, na soksi, na magunia, hakuacha hata siku moja. Chediel aliegemea ukuta akasikiliza. Mikononi hakuwa na daftari, alikuwa na kofia tu.